Mnara Bila Mkanda ni Pambo: Hotuba Yangu Kuhusu Mindustry

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi mbele ya vijana wa gemu hapa Tanga. Wengi walikwamishwa na mvua, wakaomba niyaandike yote kama yalivyokuwa. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Mwenyekiti wetu, wazazi mliokuja kuhakikisha kama kweli watoto wako huku, ndugu zangu wacheza gemu, hamjambo?

Sijasikia. Hamjambo?

Haya, sasa nimesikia. Kwa wasionijua, mimi ni fundi simu. Nina meza yangu, taa yangu na bisibisi zangu. Sijasomea gemu wala sijawahi kutengeneza hata moja. Lakini kazi yangu ina jambo moja: ukishabadilisha kioo cha simu ya mtu, huwezi kumrudishia bila kukijaribu. Lazima uguse kila kona, uvute, ubonyeze kwa vidole viwili, uone kama kinaitika. Na hakuna kinachojaribu kioo vizuri kama gemu.

Ndivyo nilivyokutana na Mindustry. Kijana mmoja aliniletea simu iliyopasuka, nikaweka kioo kipya, nikafungua gemu niliyoikuta humo nijaribu mara moja tu. Nilianza saa kumi jioni. Saa tatu usiku nilikuwa bado najaribu kioo. Kesho yake mwenye simu alipoifungua akaniuliza, "Fundi, huu ukuta wa kaskazini kajenga nani?"

Nimeombwa niseme uzuri na upungufu wa gemu ya kulinda ngome huko kwenye sayari za mbali. Nimechagua hii kwa sababu ndiyo niliyogombana nayo sana. Mtu huwezi kusema upungufu wa kitu ambacho hakijakukosesha usingizi.

Wazazi, nianze na nyinyi, tusiwaache nyuma. Kuna aina ya gemu ambamo adui wanakuja kwa mafungu, tunayaita mawimbi. Wewe huwafuati. Unajenga minara njiani, na minara ndiyo inayopiga. Wakipenya wakavunja kitu unachokilinda, umekwisha. Aina hii si ya jana. Mwaka 1990 Atari walitoa Rampart, ambayo kazi yako ni kuziba kuta za ngome kati ya shambulio na shambulio. Baadaye wachezaji wa StarCraft na Warcraft III wakajichorea wenyewe ramani za minara ndani ya gemu za watu wengine. Mwaka 2007 ikaja Desktop Tower Defense, ya kuchezea kwenye kivinjari, na naamini kuna ofisi nyingi duniani ambazo kazi ilisimama mwaka huo. Mwaka 2008 ikafuata Defense Grid, ambayo nitairudia, maana ina kitu ambacho Mindustry haina.

Mindustry yenyewe ilianza mwaka 2017 kama kazi ya shindano la kutengeneza gemu kwa muda mfupi. Aliyeianzisha, na ambaye hadi leo ndiye mkono wake mkubwa, anajulikana kwa jina la Anuken. Mwaka 2019 ikaingia Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta. Unatua kwenye sayari iitwayo Serpulo ukiwa na kiini kimoja. Kiini ndiyo roho yako, kikivunjwa umepoteza eneo hilo. Pembeni kuna shaba, mchanga, makaa ya mawe na madini ya risasi. Unachimba, unajenga, unalinda, kisha unarusha kiini kingine kwenye eneo jingine la sayari. Hadithi yote ndiyo hiyo. Mengine yote ni mikanda ya kusafirishia madini.

Mikanda! Hapo ndipo nataka tukae kwanza.

Katika gemu nyingi za aina hii, mnara ukishaujenga, unapiga mpaka mwisho wa dunia. Hakuna anayeuliza risasi zinatoka wapi. Katika Mindustry, mnara ukiujenga haupigi. Umesimama tu. Lazima uupelekee cha kupiga, na ukipeleke kwa mkanda kutoka kwenye mashine ya kuchimba mpaka mlangoni kwake, chembe moja baada ya nyingine, na mkanda ukikatika mahali popote, mnara unanyamaza. Wazee walisema mkono mtupu haulambwi. Huko Serpulo mkono mtupu unavunjwa kabisa.

Mpwa wangu alikuja likizo mwaka ule, yuko darasa la sita. Nikampa simu moja iliyokuwa mezani kwangu nikamwambia, cheza, lakini usiniulize kitu, nina kazi. Akaanza vizuri. Akajenga minara minne ya Duo, ule mdogo wa mwanzo wa shaba 35. Kisha akaona madini yameandikwa kwa Kiingereza, *lead*. Akaenda kwenye kamusi. Kamusi ikamwambia nini?

Mmeshajua. Ikamwambia: risasi.

Mtoto akafurahi. Risasi si ndizo zinazopigwa? Akachimba risasi, akatandika mkanda mrefu, mzuri, umenyooka, mpaka kwenye minara yake. Adui wakaja. Minara kimya. Risasi zimejaa kwenye mkanda, zimesimama zinaangalia. Kwa sababu Duo haipigi risasi! Duo inakula shaba, grafiti au silikoni. Inayokula risasi ni Scatter, mnara wa kupiga ndege. Mpwa wangu akapoteza eneo, akaja kwangu machozi yakimlengalenga: "Mjomba, hii gemu haijui Kiswahili."

Nilicheka siku tatu. Lakini sikilizeni kilichofuata. Kesho yake akatandika shaba, akaweka na risasi kwenye mkanda uleule, ili risasi ziende mbele kwenye Scatter na shaba iingie kwenye Duo. Wazo zuri. Ila mkanda wake uliishia kwenye mlango wa Duo. Risasi moja ikatangulia mbele, Duo ikaikataa, na nyuma yake shaba zote zikakwama. Foleni kama ya kivuko. Mnara unalia njaa, chakula kiko nyuma, na aliyeziba njia ni mmoja tu. Siku hiyo hakulia. Alikaa akaangalia, akagundua mashine ya kuchambua, ile inayopitisha aina moja na kuzigeuza nyingine pembeni. Aligundua mwenyewe, darasa la sita.

Ndugu zangu, uzuri wa gemu hii ninaouweka juu ya mengine ni huo. Adui ni wepesi kuwaelewa. Kinachokushinda ni foleni uliyoipanga mwenyewe. Na foleni zinaongezeka. Makaa mawili yanatoa grafiti moja. Makaa moja na mchanga mbili vinatoa silikoni moja, na tanuri la silikoni linataka umeme juu yake. Umeme unataka jenereta, jenereta inataka makaa, makaa yaleyale uliyokuwa unayapeleka kwenye grafiti. Sasa nani apewe? Tanuri, jenereta au mnara? Hilo ndilo swali ambalo gemu inakuuliza kila dakika, na haikuulizi kwa maneno.

Na mwenye gemu hakuishia hapo. Adui wenyewe amewafundisha jambo hilohilo. Kuna kindege kinaitwa Flare, kinatafuta mitambo ya umeme. Kuna Horizon, haina bunduki hata moja, inabeba mabomu tu, na inatafuta viwanda vyako. Haina habari na minara. Inapita juu, inamwaga mabomu kwenye tanuri na kwenye mikanda, inazunguka, inarudi. Minara yako yote inabaki mizima, imesimama kama askari wasio na mshahara.

Mara ya kwanza Horizon kunijia nilikuwa na minara ya Hail kumi na ya Lancer sita. Nilijiona Sultani. Nani anaijua Hail hapa? Inua mkono. Haya, waambie wenzako, Hail inapiga ndege?

Haipigi. Na Lancer?

Haipigi. Mnaona? Minara 16, yote ya ardhini, na anga yangu wazi. Ndege zilipita juu kama zinakwenda harusini.

Jambo la pili, nalipita haraka kidogo kwa sababu wengi mnalijua, ila wazazi hawalijui. Gemu hii kwenye Android ni ya bure. Haina matangazo. Haikuombi ununue almasi, haikuombi usubiri saa nne mnara ukamilike au ulipe ukamilike sasa. Kwenye Steam inauzwa, na ukinunua huko unamsaidia aliyeitengeneza, lakini anayetaka bure anaipata bure na kwa halali. Msimbo wake umewekwa wazi, chini ya leseni ya GPL. Yaani unaruhusiwa kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza, mradi nawe ukiusambaza usiwafungie wenzako. Imeandikwa kwa lugha ya programu iitwayo Java. Vijana mnaojifunza kuandika programu, hiyo ni gemu nzima, inayochezwa dunia nzima, imefunguliwa tumbo muione ndani. Mimi fundi napenda vitu vinavyofunguka. Siku hizi simu zenyewe zimegandishwa kwa gundi hazifunguki, lakini gemu hii inafunguka.

Tena inachezeka bila intaneti. Usiku mmoja umeme ulikatika mtaa mzima. Vijana watano walikuwa wamekaa kwenye benchi langu, hakuna mwenye bando. Nikawasha hotspoti ya simu yangu, nikafungua eneo, wakaliona kwenye orodha zao, wakaingia. Nilitegemea kelele tu. Lakini baada ya robo saa walikuwa wameshagawana kazi bila mtu kuwagawia. Mmoja mchimbaji, mmoja wa kuta, mmoja akasema yeye umeme tu asiguswe. Mwingine, ambaye siku zote ni mkimya, ndiye akawa anapita nyuma ya kila mtu anaunga mikanda iliyokatika. Nilimwona kijana yule kwa mara ya kwanza usiku ule, na alikuwa anakuja kwenye meza yangu miaka miwili.

Kasoro ndogo niitaje hapahapa: matoleo yakitofautiana, hamwingii. Mmoja ana jipya, mwingine la zamani, basi. Kwa watu wenye bando kila siku si kitu. Kwa anayesasisha simu mara moja kwa mwezi, ni mlango umefungwa.

Halafu kuna modi, yaani nyongeza ambazo wachezaji wanajitengenezea wenyewe. Mpwa wangu, huyohuyo wa risasi, likizo iliyofuata aliandika mnara wake mwenyewe. Faili la maandishi tu, mistari michache: jina, ukubwa, unakula nini, unapiga umbali gani. Mnara wa kupiga mchanga. Siku mbili ulikataa kufunguka, kumbe alisahau kufunga bano moja. Ulipokubali akapiga kelele mpaka mteja wangu akadondosha simu aliyokuja kutengeneza. Nilimtengenezea bure.

Sasa niwaambie siku niliyolipua nchi yangu mwenyewe.

Huko mbele katika gemu kuna mtambo wa thoriamu. Unaulisha thoriamu, unakupa umeme ambao hujawahi kuuona. Ukiuongezea thoriamu, mpaka 30, umeme unazidi, na joto linazidi. Joto hilo lazima lipozwe kwa kimiminika cha baridi. Kimiminika hicho kinatengenezwa na mashine ya kuchanganya maji na titaniamu. Na mashine hiyo ili ifanye kazi inahitaji nini?

(Kijana mmoja wa nyuma akajibu: umeme.)

Umeme! Na umeme wangu ulikuwa unatoka wapi?

Mnacheka. Mimi sikucheka. Umeme ulitoka kwenye mtambo uleule. Mtambo unailisha mashine, mashine inaupoza mtambo. Kwa siku mbili hivi mambo yalikwenda kama saa ya ukutani. Nikaongeza Lancer, maana Lancer haitaki risasi, inataka umeme tu, na umeme ninao. Nikaongeza nyingine. Likaja wimbi kubwa. Lancer zote zikaanza kuvuta umeme kwa pamoja. Umeme ukapungua, mashine ikazorota, baridi ikapungua, na mtambo... Adui walikuwa bado wako mbali kabisa, nawaona kwenye ramani wanatembea taratibu. Walifika wakakuta shimo.

Wengi hapo ndipo wanapoifuta gemu. Wanasema haina huruma. Nimesikia hata humu ndani kabla hatujaanza, mtu anasema mtambo ule ni kosa la gemu. Mimi nakataa. Maelezo ya mtambo yanasema wazi kwamba usipopozwa utalipuka. Niliyasoma. Nilielewa kila neno. Kitu nisichokielewa ni mpango wangu mwenyewe, na hakuna maelezo ya gemu yatakayokusomea mpango wako. Katika gemu zote nilizocheza, hakuna kushindwa kulikokuwa kwa haki kama kule. Hakuna bahati mbaya, hakuna adui aliyeongezwa nguvu kwa siri. Kila kitu kilichonilipua nilikijenga kwa kidole hiki.

Nikamsimulia binti mmoja anayesomea umeme chuoni, huwa anapita kwangu kununua chaja. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Fundi, jenereta ya dharura hailishwi na laini unayoiogopa." Akakaa. Kwanza akaitenga mashine ya kupoza, akaipa paneli zake za sola na betri zake, isiguse laini kubwa. Kisha akaweka prosesa ndogo. Ndani ya gemu hii kuna prosesa unazoziandikia amri, mstari kwa mstari. Akaiandikia ipime joto la mtambo, na joto likipita kiwango fulani iuzime. Mistari michache mno. Nikamwuliza, mwanangu, hili umejifunza wapi? Akasema prosesa kajifunza kwenye gemu, laini kajifunza chuoni.

Haya. Nimesifu vya kutosha, na mwenyekiti ananiangalia. Tuje kwenye upungufu, na upungufu wake wa kwanza niliambiwa na dereva wa bodaboda.

Nilimwekea gemu hii mwenyewe, nikamsifia wiki nzima. Siku ya nane akaja akaniambia, "Fundi, nimeifuta." Kwa nini? "Mimi nashinda barabarani nabebea watu mizigo. Nikirudi nyumbani nianze tena kubeba shaba?"

Sikuwa na jibu. Sina hadi leo. Maana ana haki. Mindustry ni kazi. Kila eneo jipya unaanza upya: mashine za kuchimba shaba, mkanda, mashine za risasi, mkanda, minara ya mwanzo, ukuta. Mara ya kwanza ni raha. Mara ya tano ni mazoea. Mara ya kumi na mbili unajiuliza kama wewe ndiye mchezaji au kibarua. Utafiti wa vitu vipya unadai maelfu ya madini, wakati kiini cha kwanza kinabeba 4,000 tu za kila aina, kwa hiyo kuna vipindi virefu ambavyo huna la kufanya ila kuangalia namba zinapanda. Kisha unahamia eneo jingine, na ukiwa huko eneo ulilolishika linaweza kushambuliwa nyuma yako. Ulijenga, ukashinda, na bado unaitwa urudi kulinda. Kwa mtu mwenye nusu saa ya kupumzika kwa siku, gemu hii haijamfikiria.

Kuna dawa yake, na dawa yenyewe ina madhara. Unaweza kuhifadhi mchoro wa kiwanda chako ukaubandika eneo jingine. Unaweza hata kuunakili kama maandishi ukamtumia mwenzako WhatsApp, fungu la herufi zisizosomeka, naye akalibandika kwenye gemu yake kikasimama kiwanda kizima cha silikoni. Ajabu nzuri sana! Lakini nimeona vijana wenye michoro 80 ya kutumiwa, hawajui hata mmoja unafanyaje kazi. Mkanda ukikwama wanafuta wanabandika tena. Hao tumewapa gemu tukawanyang'anya kilichomo.

Upungufu wa pili ni wa kwangu mimi fundi: kioo. Gemu hii ilibuniwa na mtu mwenye skrini kubwa na panya mkononi. Kwenye simu ya inchi 6 mkanda ni mwembamba kama uzi wa kushonea. Unataka kugusa mkanda unagusa ukuta. Unataka kusogeza ramani unajikuta umejenga. Maelezo yameandikwa kwa herufi ambazo mimi na miwani yangu tunashirikiana kuzisoma. Na vita ikikomaa, mikanda mamia, ndege juu, mizinga chini, simu ya bei ndogo inaanza kupumua kama mzee anayepanda ngazi. Nimeshaletewa simu tatu na maneno, "Fundi, inachemka." Nikifungua naona nini? Serpulo.

Wa tatu nauona mkubwa zaidi, ingawa hapa najua tutagombana. Gemu hii haina mtu.

Niliahidi kuirudia Defense Grid. Huko adui hawaji kuvunja, wanakuja kuiba. Una viini 24. Adui anaingia, ananyakua kiini, anageuka kukimbia nacho. Ukimwua njiani, kiini kinarudi taratibu kinaelea hewani kuelekea nyumbani, na wewe roho mkononi, maana adui mwingine anaweza kukidaka kabla hakijafika. Mara mbili tatu katika kila eneo unajikuta umesimama unakisemesha: rudi, rudi, rudi basi. Na sikioni kuna sauti ya kompyuta ya zamani iliyoachwa peke yake kwenye sayari hiyo, inayokumbuka enzi za uhai wake, na kati ya yote inakumbuka utamu wa raspiberi. Mashine inalilia tunda! Minara ya gemu ile nimeshaisahau mingi. Lile tunda sijalisahau.

Serpulo unamkumbuka nani? Hakuna. Adui ni nani? Kwa nini wanakuja? Walioacha magofu yaliyoko huko ni nani? Kuna maandishi mafupi hapa na pale, ya kukupa jina la eneo na hali ya hewa yake, na wengi wetu tunayaruka. Unalinda kiini kwa sababu umeambiwa ukilinde.

Tena niulize, na mnijibu kwa ukweli: sayari hii ina anga gani? Ondoa ile picha ya mpira unaozungusha kwa kidole kuchagua eneo. Ukishatua, kuna chochote kinachokuambia hauko bondeni tu mahali fulani? Mwaka 2012 ilitoka gemu inaitwa Unstoppable Gorg. Huko minara yako ni setilaiti, imekaa kwenye mizunguko kuizunguka sayari au kituo, na unaizungusha mizunguko hiyo vita ikiendelea ili setilaiti zikutane na adui. Huwezi kuitoa anga kwenye gemu ile, itabomoka. Katika Mindustry ukiitoa anga ukaweka machimbo ya zamani, hakuna mkanda utakaotikisika.

Ni kweli toleo la saba, la mwaka 2022, lilileta sayari ya pili, Erekir. Huko madini ni mengine, minara ni mingine, hata namna ya kusafirisha vitu na umeme ni nyingine, na wewe ndiye unayemfuata adui kambini kwake mara nyingi. Nimeipenda. Pia imenichosha, maana mikono yangu ilishazoea Serpulo na huko nilikuwa mwanafunzi wa darasa la kwanza tena. Mpwa wangu aliizoea kwa siku mbili. Mimi bado naulizauliza.

Mama mmoja pale mbele aliinua mkono mapema nikamwomba asubiri. Mama, karibu.

(Akauliza: kwa hiyo nimwachie mtoto acheze au nisimwachie?)

Mama yangu, hilo swali gumu kuliko mtambo. Mimi ningemwachia, kwa masharti mawili ya kifundi. Asicheze simu ikiwa kwenye chaji, itachemka utaniletea. Na akikwambia amekwama, usimwambie zima. Kaa kando yake umwulize mkanda umekwama wapi. Dakika tano tu. Utashangaa anavyoweza kukueleza.

Muda wangu umekwisha na mvua imepungua. Nimewasha hotspoti, jina lake Meza ya Fundi, haina neno la siri. Eneo liko wazi, wimbi la kwanza linakuja baada ya dakika mbili, kuna nafasi ya kila mtu. Wa umeme wakae kusini, tafadhali msiniwekee mtambo wa thoriamu karibu na kiini.

Wewe mwenye fulana ya njano, umeshaingia? Nakuona. Huo mkanda wako una shaba na risasi pamoja, na mbele yake kuna Duo.